Mdogo wangu, subiri kwanza kufungua hiyo ofisi



Siku za karibuni kijana mmoja anayesoma saikolojia katika chuo kimoja hapa nchini alinitafuta akitaka nimwandike gazetini. Yuko mwaka wa pili. Amepata chumba cha kupanga Kahama mjini, amechora bango, na likizo ikianza anataka kutibu watu kwa hipnosisi. Nilipomuuliza amejifunza wapi, akasema ameangalia video nyingi mtandaoni, kisha akalipia kozi ya wiki mbili na kutumiwa cheti kwenye simu. "Kaka, wewe niandikie tu," akaniambia, "wateja watakuja wenyewe."

Sikumwandika. Ila nimeona jambo lenyewe tulizungumze, kwa sababu kijana huyu hatakuwa wa mwisho. Hoja yangu ni moja. Mwanafunzi wa saikolojia asifungue ofisi ya hipnosisi akiwa peke yake, bila mtu aliyemzidi elimu na uzoefu kumsimamia. Na kama kuna mahali Tanzania hii ambapo kosa hilo litatuumiza zaidi, ni huku kwetu Shinyanga na Geita.

Kwanza nimtendee haki. Kijana huyu si tapeli. Boom haitoshi, ajira hakuna, na anajua kabisa kwamba akimaliza chuo atazunguka na bahasha kama tulivyozunguka wengine. Pia ameliona tatizo ambalo lipo kweli. Nenda kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, zungumza na vijana wanaoshuka kwenye maduara. Utakutana na wasiolala usiku, na wanaokunywa pombe kali ili wapate ujasiri wa kushuka. Utakutana na waliochimbua maiti za wenzao kwa mikono. Nani aliwahi kukaa nao chini akawauliza wanaendeleaje?

Mnakumbuka Nyangarata, huku huku Kahama. Oktoba 2015 mgodi uliporomoka ukafukia wachimbaji. Watano wakatolewa hai katikati ya Novemba, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Siku arobaini na moja gizani, wakila mizizi na wadudu! Nchi nzima ilishangilia, sisi waandishi tukapiga picha, tukarudi ofisini. Hospitali ziliangalia miili yao. Lakini mtu aliyekaa gizani siku zote hizo anahitaji pia wa kumwangalia akili, tena kwa miezi, na wataalamu wa kazi hiyo nchini ni wa kuhesabu. Ndiyo maana ukichora bango lenye neno "akili" mahali kama Katoro au Kahama, wateja watakuja kweli. Hapo ndipo kijana wetu yuko sahihi, na hapo hapo ndipo hatari inapoanzia.

Sasa tuelewane hipnosisi ni nini, maana wengi wakisikia wanafikiria mazingaombwe. Siyo usingizi, na siyo uchawi. Ni kumtuliza mtu kwa maneno mpaka akili yake inazama kwenye jambo moja, anakuwa mwepesi kupokea anachoambiwa. Katika miaka ya 1770 na 1780 Ulaya ilikuwa na daktari anaitwa Franz Mesmer aliyedai anatibu kwa nguvu ya sumaku iliyomo katika viumbe. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa aliunda tume ya wataalamu, Benjamin Franklin akiwemo, na tume ikasema hakuna sumaku yoyote, kinachofanya kazi ni fikra za mgonjwa mwenyewe. Karibu miaka 60 baadaye daktari wa upasuaji wa Kiskoti, James Braid, akiwa Manchester, akalichunguza jambo hilo kwa utulivu na ndiye aliyelieneza kwa jina la hipnosisi.

Na inasaidia, tusidanganyane. Mwaka 1984 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Peter Whorwell na wenzake, pia wa Manchester, ulioonyesha kwamba wagonjwa wenye maumivu sugu ya utumbo walipata nafuu kubwa kwa hipnosisi. Mwaka 2008 Uingereza ikaiweka kwenye miongozo yake kama njia mojawapo kwa wagonjwa wa namna hiyo ambao dawa za kawaida zimeshindwa baada ya mwaka mzima. Inatumika pia kupunguza maumivu na hofu ya daktari wa meno. Kwa hiyo simwambii kijana kwamba anachokipenda ni upuuzi. Namwambia kwamba sehemu rahisi kuliko zote ni ile aliyojifunza kwenye video, yaani namna ya kumtuliza mtu. Ugumu uko katika kujua nani asiguswe, na ukishamtuliza, nini usimwambie na nini usimuulize.

Tuanze na nani asiguswe.

Chukulia mteja wake wa kwanza anatoka Rwamagasa, kule Geita. Ni mwanaume wa miaka thelathini na tano. Mikono inatetemeka, usingizi hana, anasahau, anakasirika ovyo, mke ameondoka. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ataona nini? Ataona msongo wa mawazo, kwa sababu ndicho alichofundishwa muhula uliopita. Atamlaza kwenye kochi, atamwambia apumue polepole, atamwambia mikono yake inatulia. Huenda kwa dakika kumi itatulia kweli, na mteja atalipa na kuahidi kurudi.

Lakini muulize anafanya kazi gani. Anachoma dhahabu. Huko kwenye mialo zebaki inachanganywa na mchanga, inakamata dhahabu, kisha inachomwa ili iondoke kwa moshi, na mara nyingi inachomwa kwenye bati au koleo, nje ya nyumba, watoto wakiwa pembeni. Moshi ule ni sumu inayokwenda kwenye ubongo. Kutetemeka, kukosa usingizi, kusahau na hasira zisizo na sababu ni dalili zake zinazojulikana. Wala hili halihitaji kubahatisha, maana mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki ulifika Rwamagasa hiyo hiyo, wataalamu wakapima wachimbaji, na wakakuta dalili za sumu hiyo hasa kwa wale wanaochoma.

Kwa hiyo kijana wetu atakuwa amemtuliza mtu anayeendelea kula sumu, na kwa sababu amempa nafuu kidogo, mtu yule hataenda hospitali. Hapo hatujagusa malaria iliyopanda kichwani, kifafa, kisukari, kifua kikuu cha wachimbaji, wala mtu anayesikia sauti ambaye ukimfumbisha macho na kumwambia azame ndani ya fikra zake unaweza kumwongezea matatizo. Daktari anajifunza kwanza kuuliza "Je, hili ni la mwili?" Mwanafunzi mwenye chumba chake na bango lake hana wa kumkumbusha swali hilo.

La pili ni zito zaidi, na ndilo lililonifanya niandike.

Wataalamu wa hipnosisi ya mitandaoni wanapenda kusema kwamba akili imehifadhi kila kitu, na kwamba ukimlaza mtu unaweza kurudi nyuma ukakuta chanzo cha shida yake. Si kweli. Kumbukumbu haiko kama kanda ya kaseti. Mwaka 1985 chama cha madaktari cha Marekani kilitoa ripoti kwamba kumbukumbu zinazopatikana kwa hipnosisi si za kuaminika zaidi ya zile za kawaida, na zinaweza kuwa na makosa zaidi huku mwenyewe akizidi kuwa na uhakika nazo. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na mwenzake walichapisha jaribio la watu 24 walioambiwa kwamba walipokuwa watoto walipotea dukani, jambo ambalo halikutokea. Karibu robo yao wakaja kulikumbuka, wengine hadi na maelezo. Hao hawakulazwa na mtu, waliulizwa tu kwa namna fulani na watu waliowaamini. Miaka ile ile kule Marekani familia nyingi zilisambaratika, wazazi wakapelekwa mahakamani kwa mambo ambayo watoto wao watu wazima "waliyakumbuka" wakiwa kwenye kochi la mtaalamu.

Sasa leta jambo hilo Usukumani.

Mama amefiwa na watoto wawili. Haelewi kwa nini. Anakaa mbele ya mtu anayemwamini, mtu amemtuliza, anamuuliza kwa upole: "Rudi nyuma. Nani alikuwa karibu? Nani alikutazama vibaya?" Wasomaji wangu wa huku hamhitaji nimalizie. Tunayo tayari kazi ya namna hiyo, na tunaijua kwa jina. Inaitwa ramli chonganishi.

Mpiga ramli naye humtaja mtu moja kwa moja mara chache. Huuliza. Jirani yako upande wa magharibi ni mwanamke? Ni mtu mzima? Mna ugomvi wa shamba? Mteja anajibu mwenyewe, jina linatoka kinywani mwake mwenyewe, na kwa sababu limetoka kwake anaondoka akiwa na uhakika. Baada ya hapo tunasikia kikongwe amekatwa mapanga usiku. Macho yake mekundu ndiyo ushahidi, wakati kila mtu anajua amepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, kilihesabu watu 765 waliouawa nchini kwa imani za kishirikina mwaka 2013 peke yake, wanawake wakiwa 505. Kanda yetu imekuwa ikitajwa mbele miaka yote.

Na tusisahau ndugu zetu wenye ualbino. Waliambiwa wachimba dhahabu na wavuvi kwamba kiungo cha binadamu kitaleta bahati. Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi nchini. Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mtoto mwenye ualbino. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku tena waganga wapiga ramli. Marufuku zimekuja na kupita, na swali lile lile la "nani kakufanyia" likaendelea kuulizwa vyumbani.

Kijana wetu ataniambia, "Kaka, mimi sipigi ramli, mimi nasoma sayansi." Namwamini. Lakini mteja wake hatoki kwenye kitabu cha saikolojia. Anatoka kijiji ambacho ugonjwa una mwenyewe. Ukimfumbisha macho ukamwambia atafute chanzo cha maumivu yake, atakuletea mtu, na mara nyingi huyo mtu atakuwa mama mkwe, mke mwenza au bibi wa jirani. Na safari hii jina hilo litakuwa na muhuri wa chuo kikuu. Je, kijana wa mwaka wa pili anajua afanye nini dakika hiyo? Anajua namna ya kuuliza bila kupanda jina? Mteja akiondoka na hasira usiku ule, atampigia nani?

Najua swali litakalofuata. Mbona watu wasio na digrii wanatoa ushauri nasaha kila siku na hakuna anayelalamika? Ni kweli kabisa. Mwaka 2001 AMREF walipoanzisha vituo vya Angaza, washauri nasaha wengi hawakuwa wanasaikolojia, na walifanya kazi kubwa ya kuwaandaa watu kupima na kupokea majibu. Zimbabwe wana mfano mzuri zaidi. Kuanzia mwaka 2006 daktari wa akili, Dixon Chibanda, aliwafundisha mabibi wa mitaa ya Harare kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza nao hatua kwa hatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ukaonyesha waliokaa na mabibi wale walipungukiwa sana na sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hebu fikiri, Harare bibi mzee anatibu akili za watu, na huku kwetu bibi mzee anaogopa kulala kwa sababu ya macho yake.

Lakini angalia mabibi wale na washauri wale walikuwa na nini. Walikuwa na mwongozo wa nini cha kuuliza na wapi pa kuishia. Walikuwa na msimamizi wa kumweleza kilichotokea leo. Walikuwa na zahanati nyuma yao ya kumpeleka anayezidiwa. Digrii hawakuwa nayo, ila peke yao hawakuwa. Kijana wetu atakuwa na digrii karibuni, lakini ofisi yake haina hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Hata Sigmund Freud, ambaye vijana wa saikolojia wanapenda kumtaja, alipata udaktari mwaka 1881, akafanya kazi hospitalini Vienna, akaenda Paris kumtazama Charcot akifanya hipnosisi, ndipo akafungua chumba chake mwaka 1886. Baadaye hipnosisi yenyewe akaiacha. Na tusiende mbali. Kwa Wasukuma, kwa kawaida mfumu hakuamka asubuhi moja akajitangaza. Alikaa kwa aliyemfundisha, akatumwa porini kuchimba dawa, akatazama wagonjwa wakiingia na kutoka, mpaka mwalimu wake aliporidhika. Wazee wetu walielewa kwamba anayeshika wagonjwa lazima awe na mtu wa kumuulizia.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza na kutaka watoa tiba hizo wasajiliwe. Haitakuwa sawa mzee wa Ushirombo mwenye mizizi yake atakiwe kujiandikisha, halafu kijana wa chuo mwenye kochi na kompyuta apite kwa sababu tu anazungumza Kiingereza. Anayetaka kutoza watu pesa kwa tiba, aende kwanza kwa mganga mkuu wa wilaya aulize anatakiwa kuwa na nini.

Sasa afanye nini? Sitaki kumwambia akae bure, maana moyo wake nauona. Likizo hii aende hospitali ya rufaa ya mkoa aombe kujitolea kwenye kitengo cha afya ya akili. Akiweza kufika Bugando, Mwanza, afike. Ajifunze kusikiliza kabla ya kujifunza kulaza. Akimaliza digrii, aende juu zaidi, Muhimbili wanafundisha saikolojia ya kitabibu. Hipnosisi aje aiongeze kama fundi anavyoongeza kifaa kwenye sanduku ambalo tayari lina vifaa vingine. Na kama anataka kuwasaidia watu wa maduara kuanzia kesho, aende akawaeleze habari za moshi wa zebaki. Hiyo haihitaji cheti, na itaokoa akili nyingi kuliko kochi lake.

Wakubwa nao wasikae pembeni. Geita Gold Mine ilianza uzalishaji mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, na halmashauri zetu zimepata ushuru na miradi kutoka migodini. Tumeona madarasa, visima na zahanati, na tunashukuru. Tunaomba sasa na mishahara ya wanasaikolojia wawili watatu katika kila wilaya yenye machimbo, ambao vijana kama huyu wataenda kujifunza chini yao. Bila hivyo pengo litajazwa na yeyote mwenye bango.

Nasi waandishi tujiangalie. Habari ya "kijana mbunifu aliyejiajiri" ni tamu na haichoshi kuandika. Lakini ukiandika kwamba fulani anatibu, msomaji wa Masumbwe haoni kwamba umeandika habari. Anaona umempa anwani.

Wewe msomaji, kama kesho utapita mbele ya bango la namna hii ukiwa na shida inayokukosesha usingizi, usiogope kuingia, ila uliza kabla hujakaa. Muulize nani anamsimamia, na akupe jina. Muulize ukizidiwa atakupeleka hospitali ipi. Ukiona anakusaidia kutafuta nani amekufanyia hivyo, chukua kofia yako utoke, hata kama ukutani ametundika picha ya joho la chuo kikuu.

Naomba kutoa hoja.